Vipindi sita mfululizo si sawa

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu wa hesabu wa mwanao amepangiwa vipindi sita mfululizo Jumatatu, halafu Jumanne hana hata kimoja. Nafundisha fizikia hapa Tanga, na jambo hili linaniuma. Ratiba huandaliwa na mwalimu wa taaluma, lakini mkuu wa shule ndiye anayeipitisha, kwa hiyo muulizeni yeye.

Mkuu makini huanza na yale yasiyosogezeka: walimu wa sayansi ambao ni wachache, maabara inayogombewa na fizikia, kemia na baiolojia, na Ijumaa, ambayo huku kwetu masomo lazima yakatike mapema watu wawahi msikitini. Masomo mengine yanajaza nafasi zinazobaki. Kipindi ni dakika 40, na jaribio la maabara halitoshi humo. Linataka vipindi viwili vilivyoungana. Hesabu ziwekwe asubuhi. Saa nane mchana, joto limekaza na watoto wengi hawajala, hata yule hodari anakokotoa huku anasinzia.

Mwalimu naye apate walau kipindi kimoja kitupu kila siku asahihishe madaftari. Akifundisha sita bila kupumzika, darasa la mwisho linampata sauti imeshakauka, na pengine ndilo la mwanao.

Nendeni na nakala ya ratiba, mumwoneshe mkuu hiyo Jumatatu. Ombeni vipindi viwili tu vihamie Jumanne. Hakuna haja ya kuivunja ratiba nzima.