Kwa mnaopokea hati Jumamosi: kuhusu sherehe, barua na choo cha mwaloni

Wadogo zangu mnaojiandaa kuzindua klabu mpya ya huduma ya Rotary na kupokea hati ya kuitambua rasmi, nimekaa nanyi katika vikao vitatu vya maandalizi nikiwa mjumbe kutoka klabu mlezi, na furaha yangu ni ya kweli. Kuwapata wanachama waanzilishi 20 waliolipa ada kamili hapa Mwanza, kati ya watu wenye maduka, zamu za hospitali na vikao vya harusi kila mwisho wa wiki, si kazi ndogo, na anayeiona ndogo hajawahi kumpigia simu mtu mmoja mara nane akimkumbusha ahadi yake mwenyewe. Hata hivyo, kikao cha juzi kiliniumiza. Tulitumia saa moja na nusu kujadili kitenge cha sare na kama sato awe wa kukaanga au wa kuchoma, huku mradi wa kwanza wa klabu ukiachwa kwenye mengineyo, saa tatu usiku, nusu ya wajumbe wakiwa wameshika funguo za gari. Nilinyamaza kwa kumheshimu mwenyekiti wenu, lakini sitanyamaza tena, kwa sababu njia mnayoipita naijua.

1. Mwaka wa klabu huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo andikeni kwenye muhtasari, kabla ya sherehe, kwamba viongozi wa kwanza watahudumu hadi lini, msije mkabishana kuhusu nani ni rais hata kengele haijazoea meza yenu.

2. Fungueni akaunti mbili, moja ya uendeshaji na moja ya huduma, kabla ya kuuza kadi ya kwanza ya chakula cha jioni, na mwekahazina asikubali zichanganywe hata kwa siku moja.

3. Mshereheshaji wenu ameandaa historia nzuri ya klabu ya kwanza ya Rotary, ile ya Chicago, na nampongeza. Ni kweli kwamba tarehe 23 Februari 1905 wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya Gustavus Loehr, aliyekuwa mhandisi wa migodi, na kwamba jina la Rotary lilitokana na mtindo wao wa kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama. Lakini watu wale hawakuanza na huduma. Walitafuta urafiki na kusaidiana katika biashara, jambo ambalo halina ubaya wowote, na huduma kwa jamii ilifuata baadaye. Mwaka 1907 klabu ile ilianza kuupigania mji wao upate vyoo vya umma. Nimehudhuria usiku mwingi wa kukabidhi hati, na sijasikia mshereheshaji hata mmoja akivitaja vyoo hivyo. Naomba wa kwenu avitaje, na sababu yangu ni hii inayofuata.

4. Someni barua mnazoletewa. Mwaka tuliopokea hati yetu, mimi nilikuwa mwenyekiti wa miradi. Wiki sita kabla ya sherehe, mtendaji wa kijiji kimoja cha mwambao wa Sengerema alivuka kwa kivuko cha Kamanga akaniletea barua yenye muhuri, kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono. Kijiji kiliomba choo cha matundu sita kwenye mwalo, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa na samaki kushushwa. Barua ilieleza hatua kwa hatua: wavuvi hurudi alfajiri, wanawake wa dagaa hushinda juani wakianika na kugeuza, wachuuzi hushuka na mitumbwi, na watu wote hao hujisaidia nyuma ya mawe, mvua ikinyesha, uchafu huteremka ziwani, watoto huoga papo hapo, na kichocho hakiishi kijijini. Aliyeiandika aliuelewa ugonjwa kuliko mimi. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi, vimelea hukua ndani ya konokono wa majini, kisha huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mtu aliyekanyaga maji. Mtoto anaweza kumeza dawa shuleni leo, na kesho akaurudia ugonjwa ule ule kwenye maji yale yale, ikiwa hapo mwaloni hapana choo.

Niliisoma barua hiyo, nikaikunja. Nilijiuliza nitasimamaje mbele ya gavana wa Rotary, wageni wa heshima na wenzi wetu waliovaa sare, watu wakiwa na sahani mezani, nitangaze choo. Nikaona kisima kitapendeza zaidi, kwa kuwa maji yanayoruka kutoka kwenye bomba hupigwa picha, na tundu la choo halipigwi. Usiku ule nilitangaza kisima cha pampu ya mkono kwa kijiji kile, ukumbi ukasimama, vigelegele vikapigwa, na ahadi za fedha zikatolewa papo hapo. Kijijini hatukuwa tumemuuliza mtu yeyote. Asubuhi yake nilichukua barua ile, nikaandika juu yake kwa mkono wangu “imeshughulikiwa”, nikaiweka kwenye faili.

Kisima kilichimbwa na utepe ukakatwa. Mwaka ulipokaribia kutimia tulirudi na bango la maadhimisho ili tupige picha. Mkono wa pampu ulikuwa umefungwa kwa kamba ya nailoni iliyokatwa kutoka kwenye wavu mkuukuu, na mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye nguzo yake. Sakafu ya saruji ilikuwa kavu kabisa. Mama mmoja mzee aliyekuwa akigeuza dagaa alinawa mikono, akatuletea viti, kisha akasema kwa upole, “Karibuni wanangu. Kisima chenu kimekufa tangu masika.” Hakusema kwa lawama. Alisema “chenu” kama mtu anayempa mwenzake taarifa za mali yake aliyoiacha kwa jirani. Nyuma yake, hatua chache kutoka tulipokaa, watoto walikuwa ndani ya ziwa hadi kiunoni wakijaza madumu.

Bango hatukulifungua. Fundi tuliyempeleka wiki iliyofuata alivuta vyuma vya pampu kimoja baada ya kingine, akatoa kipira cha pistoni kilicholika upande mmoja, akaniwekea kiganjani. Bei ya kipira kile haikufikia bei ya sahani moja ya chakula tulichokula usiku wa hati. Hakuna mwanakijiji aliyefundishwa kukibadilisha, hapakuwa na kamati wala mfuko wa matengenezo, na hayo yote yalikuwa kazi yangu. Nimeyabeba kwa miaka mingi na bado yananiuma, kwa sababu walioomba waliomba kwa adabu na kwa hoja, na mimi niliwajibu kwa kitu kilichonipendeza mimi.

Tulirudi mara tatu bila kamera. Tulikaa chini ya mwembe, tukaomba radhi, tukasikiliza. Kijiji kilichagua kamati yake, wanawake wawili wakajifunza kuvuta vyuma na kubadilisha kipira, na pampu ikafanya kazi. Kisha tukaifufua barua. Wao walikusanya mawe, mchanga na nguvu kazi, sisi tukanunua saruji, mabati na milango, na choo cha matundu sita kikasimama mwaloni. Siku ya kukikabidhi, mama yule alifungua pindo la khanga yake akatoa funguo, akafungua mlango mmoja mmoja ili tuone ndani, akifuta kila kitasa kwa kiganja. Hakuna sherehe ya klabu niliyowahi kuifurahia kama ile, na chakula kilikuwa ugali na dagaa.

5. Msijaze klabu watu wa ofisi moja, kwa sababu bosi wao akihamishwa mtabaki na akidi pungufu.

Kikao chenu cha mwisho ni Jumanne. Nitakuja na nakala ya barua ile, yenye neno langu “imeshughulikiwa” juu yake, niizungushe mezani kila mmoja aishike. Namwomba katibu auweke mradi kuwa ajenda ya pili, mara tu baada ya kuthibitisha muhtasari, na barua zote mlizokwisha kuletewa, najua zipo mbili kutoka Igombe na moja kutoka Ukerewe, zisomwe kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza hadi sahihi. Kuhusu sare, kitenge cha bluu ni kizuri. Kichukueni.