Medea na hayo mapenzi yenu

SWALI: Naandika maelezo ya picha ya Medea aliyoichora Eugène Delacroix. Nimeanza hivi: "Mchoro huu wa kimapenzi unaonyesha mama wa Kigiriki akiwa na wanawe." Je, niandike "unaonyesha" au "unaonesha"?

JIBU: Yote mawili ni sawa. Chagua moja, ulishikilie hadi nukta ya mwisho. Kilichonipandisha mori ni hilo "kimapenzi".

Hebu itazame tena hiyo picha ya mwaka 1838, iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Lille, Ufaransa. Medea, mwanamke wa visa vya kale vya Kigiriki, yuko pangoni, kifua wazi, jambia mkononi, kawabana wanawe wawili kama kuku wa kupeleka mnadani. Mumewe, Jason, kamwacha kwa ajili ya binti wa mfalme wa Korintho, naye yu tayari kuwaua watoto ili baba yao aumie. Kageuza shingo kuwatazama wanaomfuata. Kivuli kimemkata uso, kikamfunika macho. Mapenzi yako wapi hapo, ndugu yangu? Yalikwisha kabla mchoraji hajachovya brashi! Msomaji wako atakuja akitarajia maua na barua za siri, akutane na jambia.

Asili ya neno la Kizungu "romantic", ulilolitafsiri "kimapenzi", ni hadithi za mashujaa na maajabu, zilizotungwa kwa Kifaransa cha kale badala ya Kilatini. Mahaba yalidandia baadaye. Wachoraji wa mkondo wa sanaa uliopewa jina hilo walisaka hisia kali: hofu, ghadhabu, dhoruba, kifo. Katika tamthilia ya Mgiriki Euripides ya mwaka 431 KK, watoto wanauawa ndani, watazamaji wanasikia vilio tu. Delacroix ametuingiza huko ndani, akatusimamisha kabla jambia halijashuka. Kisa ni cha kale. Kutukaribisha hivyo kwenye ghadhabu ya mtu ni tabia ya karne ya 19.

Wahakiki wetu huuita mkondo huo "ulimbwende". Silipendi sana: magazeti yameshawapa warembo wa mashindano jina la walimbwende, na mtu anaweza kudhani Medea anawania taji. Lakini limezoeleka vitabuni, jirani na "urasimi" (mkondo wa kufuata kanuni za kale), basi nalivumilia. "Kimapenzi" silivumilii.

Andika: "Mchoro huu wa kilimbwende unaonyesha Medea akiwa na wanawe." Na hilo "wa Kigiriki" lifute pia. Medea alitoka Kolkisi, pwani ya Bahari Nyeusi, na ugeni wake kule Korintho ni nusu ya kisa.