Bradley Walsh alicheza mpira kweli?

Mkuu, umeuliza kama yule mtangazaji wa The Chase, kipindi cha maswali cha televisheni ya Uingereza, aliwahi kusakata kabumbu kweli au ni stori za kujipamba. Alicheza. Bradley Walsh, mzaliwa wa Watford, alisajiliwa na klabu ya Brentford ya London mwaka 1978, ila hakuwahi kucheza kikosi cha kwanza. Aliishia timu ya akiba, na klabu ya Barnet alipelekwa kwa mkopo. Majeraha ya kifundo cha mguu yakamstaafisha mapema mno. Kwa hiyo wanaomwita "nyota wa zamani wa Brentford" wanatia chumvi.

Shule yake hasa ya burudani ilikuwa Pontins, zile kambi za mapumziko za familia za Waingereza wa kipato cha kawaida. Akawa mmoja wa vijana wa koti la buluu wanaochangamsha wageni. Usiidharau kazi hiyo: watoto wanasumbua, wazee wanataka nyimbo za enzi zao, na wewe uwachekeshe wote ukumbi mmoja! Mwaka 1993 akapanda jukwaa la Royal Variety, onyesho la burudani la kila mwaka linalohudhuriwa na familia ya kifalme, mbele ya taifa zima.

Uigizaji? Tamthilia ya Coronation Street kuanzia 2004, halafu mpelelezi Ronnie Brooks wa Law & Order: UK, na tamthilia ya kisayansi ya Doctor Who 2018. The Chase yenyewe ilianza 2009. Binafsi namkubali zaidi kwenye upelelezi, maana pale anajizuia. Ukitaka kumwona akishindwa kabisa kujizuia, tafuta kipande cha The Chase chenye swali la mtelezi wa theluji wa Ujerumani, Fanny Chmelar, jina ambalo kwa sikio la Mwingereza linasikika kama maneno ya aibu.