Okidi za Pwani Haziuawi na Joto

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia akiuliza kwa nini okidi yake, aliyoinunua ikiwa imejaa maua, iliyapukutisha yote na tangu hapo haijatoa hata kikonyo kimoja. Ameongeza kwamba majirani wamemshauri akate tamaa, kwa kuwa okidi ni maua ya watu wa Lushoto na Arusha. Dada yangu, maneno hayo niliwahi kuambiwa na mimi, tena mbele za watu. Mfanyabiashara mmoja wa maua kutoka nyanda za juu, ambaye nilikuwa nikimheshimu sana, alinitazama nikiwa nimeshika mche mkononi akasema kwamba sisi watu wa pwani tungefanya vyema zaidi tukinunua maua ya plastiki. Wateja wenzangu walicheka. Nakiri kwamba kicheko kile kinaniuma hadi leo, na huenda ndicho kilichonifanya nisiiache kazi hii.

Msimu huu mpambaji wa kumbi za harusi jijini Dar es Salaam, aliyezoea kuagiza maua yake kutoka nje ya nchi, alifika nyumbani kwangu Kigamboni, akakata vikonyo vya Dendrobium, aina mojawapo ya okidi, kwa ajili ya meza ya maharusi, na akalipa bei niliyoitaja bila kuomba nipunguze. Anayetaka kuyaita haya majigambo ana ruhusa yangu.

Jambo ninalotaka mlielewe ni kwamba okidi nyingi zimezaliwa katika joto. Vanda na Dendrobium nyingi zinazouzwa madukani zina asili ya nchi za joto za Asia, na Singapore, ambayo iko karibu kabisa na Ikweta na haina mlima wa kutajwa, ilichagua Vanda Miss Joaquim kuwa ua lake la taifa mwaka 1981. Mmea unaostawi katika hali kama ile hauwezi kuikimbia Tanga. Kinachoziua okidi zetu ni chumvi, na chumvi hiyo tunaimwaga kwa mikono yetu wenyewe kila asubuhi.

Visima vingi vya ukanda huu hutoa maji yenye chumvi. Mchicha huweza kuyavumilia kwa muda, lakini okidi hizi kwa asili huishi juu ya miti, ambako mizizi yake huning'inia hewani na kunywa maji ya mvua, yaani maji yasiyo na chumvi karibu yoyote. Mzizi wake umevikwa ngozi laini yenye vitundu kama sponji, ambayo huwa na rangi ya fedha ikikauka na kugeuka kijani ikilowa. Ukiinywesha maji ya kisima, maji hukauka na chumvi hubaki, siku baada ya siku, mpaka ncha za mizizi zinakuwa nyeusi, ncha za majani zinaungua, na ukoko mweupe unajengeka ukingoni mwa chungu. Mwenye mmea akiona majani yamenyauka hudhani una kiu, naye huongeza maji yale yale.

Kwa hiyo kinga maji ya mvua. Masika ikianza, weka mapipa chini ya bati, yafunike yasizalishe mbu, na maji hayo uyatunzie okidi peke yake. Makumbi ya nazi ni makao mazuri ya mizizi, ila usichukue yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kutengeneza kamba. Hata ya shambani yaloweke katika maji matamu na kuyabadilisha maji hayo mara kadhaa kabla ya kuyatumia. Mimi huyachanganya na vipande vya mkaa. Mbolea nayo ni chumvi, kwa hiyo iwe hafifu sana, na mara moja moja mwaga maji mengi ya mvua yapite chunguni na kutoka. Narudia kwa makusudi: maji ya mvua.

Kuhusu mwanga, kivuli chepesi cha neti au cha mnazi kinatosha. Majani ya kijani iliyoiva sana humfurahisha mgeni, lakini ni dalili kwamba mmea uko gizani na hautachanua.

Okidi ya dada wa Tanga, kwa maelezo yake, ni Phalaenopsis, ile yenye majani mapana ambayo maduka huuza kama zawadi. Hii ina tabia yake: joto likikaa juu ya nyuzi 28, hutoa majani tu, na huhitaji majuma kadhaa ya ubaridi kiasi ndipo itoe kikonyo. Kwetu nafasi hiyo huja kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe. Katika miezi hiyo itoe sebuleni, iweke barazani panapopita upepo wa usiku, na usiache maji yatuame katikati ya majani, kwa maana moyo wake utaoza. Anayetaka maua bila kungoja kipupwe anunue Dendrobium.

Na anunue iliyooteshwa bustanini. Siku hizi barabarani watu wanauza Ansellia, okidi yetu ya njano yenye madoa ya kahawia, ikiwa imebanduliwa mtini pamoja na gome. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula, na porini haioti bila kusaidiwa na kuvu. Ndiyo maana mtaalamu wa mimea wa Marekani, Lewis Knudson, alipofaulu mwaka 1922 kuziotesha kwa sukari ndani ya chupa, bila kuvu, biashara ya maua haya ilibadilika. Mmea mkubwa uliobanduliwa leo hautapata mrithi wa ukubwa wake kwa miaka mingi. Muulize muuzaji ameutoa wapi, na akikuonyesha gome, mrudishie mche wake hata kama umechanua.