Daftari moja kwa shughuli zote

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu hapa Mafinga na pia ninalima viazi. Shughuli zangu huziandika kwenye vikaratasi ambavyo hupotea. Nimesikia habari za daftari la nukta, nianzeje?

JIBU: Ndugu msomaji, utaratibu huo wa kuandika shughuli kwa alama fupi (kwa Kiingereza “bullet journal”), ambao Mmarekani Ryder Carroll aliutangaza mwaka 2013, unahitaji daftari la kawaida na kalamu tu, wala usikubali kuambiwa kwamba ni lazima ulipambe kwa rangi. Weka namba katika kurasa, na uache chache za mwanzo kwa ajili ya faharasa. Kila siku andika tarehe, kisha mambo yako kwa ufupi: nukta kwa kazi, duara kwa tukio, kistari kwa maelezo. Kazi ikikamilika, igeuze nukta yake kuwa X.

Mwisho wa mwezi ndipo penye faida kubwa zaidi. Pitia kazi zilizobaki na ujiulize kama kila moja bado ina maana. Iliyo muhimu, kama vile kununua mbolea kabla ya mvua kuanza, uinakili kwa mkono katika mwezi mpya, na isiyo muhimu uikate kwa mstari, kwa kuwa ile taabu ya kuandika upya ndiyo inayokulazimisha kuchagua.