Usiulize waya wa ngapi kwanza: umeme wa jakuzi kwa fundi anayeanza

Jakuzi ya kwanza niliyoiunganisha bila mtu wa kunisimamia ilikuwa ikizima kila jioni. Mchana kutwa haina neno: hita inapasha, pampu inazunguka, mwenye nyumba anatabasamu. Jioni familia ikishaingia majini, dakika arobaini hivi, breka inaruka. Nilibadilisha breka, nikailaumu hita, nikalaumu hadi umeme wa mtaani. Kumbe kosa nilikuwa nimelifanya siku ya kwanza kabisa, pale dukani, niliposema "naomba waya wa jakuzi" kana kwamba kuna waya wenye jina hilo.

Ndiyo maana siku hizi kijana akinipigia na kuuliza, "Kaka, jakuzi naweka waya wa ngapi?" simtajii namba. Namuuliza: kibandiko cha jakuzi kinasema nini? Ni mita ngapi kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba? Waya utapita wapi? Ethi ya nyumba, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ikoje? Akishanijibu yote hayo, huwa hanihitaji tena, namba inajitokeza yenyewe.

Tuanze na kibandiko, kwa sababu hapo ndipo nilipoanguka. Nilisoma mstari mmoja tu: hita, wati 3000. Nikagawanya kwa volti 230, nikapata ampea 13. Nikaongeza kidogo ya usalama, nikafunga breka ya 20 na waya wa milimita 4 za mraba, nikajiona mtaalamu. Sikusoma mistari ya chini: pampu mbili za wati 1500 kila moja, na feni ya mapovu ya wati 700. Jumla wati 6700, yaani ampea 29. Mchana inafanya kazi hita na pampu moja, ampea 19 na ushee, breka inavumilia. Jioni watu wanabonyeza kila kitufe. Na breka ya 20 ikibebeshwa 29 haikati papo hapo. Inapata joto polepole, na ndani ya saa moja inakata. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, mimi ndiye niliyekuwa nikiitukana.

Kilichofuata ndicho kinachonitisha hadi leo. Nilitoa breka ya 32 mfukoni, tayari kuibadilisha huku waya nikiuacha ule ule. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amepita kunisalimia, akanishika mkono. "Breka hiyo unamwekea nani?" Nikasema, jakuzi. Akasema hapana, breka ni ya waya. Ukiikuza breka na waya ukabaki, umeuondolea waya mlinzi wake, na waya wenyewe uko ndani ya dari ambako hakuna atakayeona unavyoungua. Breka iendane na waya, waya uendane na mzigo, kwa mpangilio huo.

Bodi nyingi za kuendeshea jakuzi zina vijiswichi vidogo ndani vya kuchagua kiwango cha umeme. Vikiwekwa kiwango cha chini, hita inazimwa kila pampu inapokwenda kasi, ili jumla isipande. Vikiwekwa cha juu, vyote vinafanya kazi pamoja. Fungua kitabu chake ujue vimekaaje. Nimeshaona waya mnene umelazwa vizuri kabisa, mwenye nyumba akalalamika mwezi mzima kwamba maji yanapoa watu wakiwa ndani, kumbe hakuna aliyegusa vile vijiswichi.

Jambo la pili ambalo wageni wa kazi hii hawalipi uzito: muda. Pasi au birika linakula umeme mwingi kwa dakika chache, jakuzi inaula kwa saa nyingi. Chukua jakuzi ya lita 1200, maji yameingia yakiwa nyuzi 20, unataka 38. Hiyo ni takriban uniti 25 za umeme, kwa hita ya kilowati 3 ni zaidi ya saa nane mfululizo, bila kuhesabu joto linalopotea. Waya hauna nafasi ya kupoa. Kwa hiyo mtu akikuambia tumia ekstensheni ya kuzungusha kwa sasa, tutarekebisha baadaye, kataa. Ekstensheni ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake inajipasha yenyewe hadi ganda linayeyuka na kugandana.

Sasa umbali. Mzigo wa ampea 30, mita 30 kutoka kwenye bodi, volti 230. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba utapoteza karibu volti 10 njiani. Wa 6, volti 6.6. Wa 10, volti 4. Kanuni nyingi zinakuruhusu kupoteza asilimia 5, yaani volti 11.5, kwa hiyo kwenye karatasi hata ule wa 4 unapita. Lakini hesabu inaanzia pale umeme unapoingia nyumbani, na bodi yako huenda tayari imepoteza volti kadhaa kabla hujaanza. Tena hita ikipata 220 badala ya 230 inatoa kama asilimia 91 tu ya nguvu yake, maana nguvu hushuka kwa kipeo cha pili cha volti. Msimamo wangu, na si lazima uufuate: kwa jakuzi ya breka ya 32, chini ya mita 20 naweka 6, zaidi ya hapo naweka 10. Mtaro utauchimba mara moja, na jasho la kuuchimba ni lile lile.

Na njia. Namba unazoona kwenye jedwali la waya zimeandikiwa hali fulani, kwa kawaida hewa ya nyuzi 30 na waya ukiwa peke yake. Dari chini ya bati la jua kali si nyuzi 30. Waya ukilazwa bega kwa bega na nyaya nyingine zenye mzigo, punguza. Ukizungukwa pande zote na sufi ya kuzuia joto kwa urefu wa nusu mita na zaidi, hesabu kwamba unabeba nusu ya ulivyoandikiwa. Hapo ndipo waya wa 6 uliodhani unatosha unapogeuka kuwa mdogo.

Chini ya ardhi natumia kebo yenye ganda la nyuzi za chuma, kina kama sentimita 60, na utepe wa tahadhari juu yake kabla ya kufukia, ili mwenye jembe wa kesho auone utepe kwanza. Ule waya wa kawaida wa nyumbani haukutengenezwa kuzikwa wala kupigwa na jua. Usidanganyike kwamba ukiupitisha kwenye bomba la plastiki umemaliza, kwani bomba lililozikwa huingia maji hata uligundishe vipi. Lile ganda la chuma nalo lifungwe kwa glandi yake, kile kibanio cha mwisho wa kebo, na liunganishwe na ethi, lisiachwe likining'inia. Na kabla hujapiga jembe la kwanza, tazama jakuzi inaingiza umeme kona ipi na mlango wake wa matengenezo unafungukia upande gani. Hili nalisema haraka, ila limeshanichimbisha mtaro mara mbili.

Neno kuhusu video. Nyingi utakazozitazama ni za Marekani. Huko jakuzi kubwa hupewa volti 240 kwa laivu mbili (waya zinazoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha), breka ya ampea 50 mara nyingi, na laivu moja ni nyeusi, nyutro ni nyeupe. Katika rangi za zamani za Uingereza, ambazo bado zimo kwenye kuta za nyumba nyingi duniani, nyeusi ndiyo nyutro. Jifunze mbinu ukitaka, lakini usinakili rangi. Pima kwanza.

Ulinzi wa mtu ni kitu kingine, tofauti na ulinzi wa waya. Breka ya 32 haitamwokoa mtu, maana mwili ulioloa unaweza kuuawa na sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kinachomwokoa ni RCD ya miliampea 30, kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata tofauti ikitokea. Jakuzi ipewe RCD yake peke yake. Chagua aina ya A, si AC. Jakuzi za leo zina bodi za elektroniki, na hitilafu ndani yake inaweza kuvujisha umeme wa mipigo ya upande mmoja ambao aina ya AC haiuoni vizuri. Onyesha mwenye nyumba kitufe cha kujaribia, mbonyezeshe yeye mwenyewe mbele yako.

Swichi ya kuzimia ikate laivu na nyutro pamoja, ionekane kutoka kwenye jakuzi, lakini aliye majini asiweze kuifikia. Viwango vya kimataifa vya IEC kwa mabwawa vinahesabu mita 2 kutoka ukingoni kama ukanda wa kwanza, kisha mita 1.5 nyingine kama ukanda wa pili. Mimi swichi naitoa nje ya ukanda wa kwanza kila mara, na soketi ya kawaida siiweki karibu kabisa.

Ndani ya swichi kama hiyo ndipo nilipoona kitu ambacho ningependa ukione kwa macho yako. Niliitwa kwa sababu ya harufu. Mwenye nyumba alisema panya amekufa mahali. Nikazima kwenye bodi, nikafungua kifuniko: plastiki kuzunguka nyutro ilikuwa ya rangi ya kahawia kama mkate uliobabuka, na harufu si ya panya, ni kama ya samaki, ile ya plastiki iliyopashwa kupita kiasi. Waya ulikuwa saizi sahihi. Nilipotia bisibisi, skrubu ilizunguka karibu duara zima kabla ya kukaza. Na kati ya nyuzi saba za waya ule, mbili zilikuwa nje ya tundu. Fundi aliyetangulia alikuwa amechagua kila kitu vizuri, akaharakisha kwenye skrubu moja.

Ethi inahitaji subira. Nyumba nyingi hupata ethi kupitia nyutro ya mtandao wa umeme. Nyutro hiyo ikikatika huko nje, kila chuma kilichounganishwa na ethi ndani ya nyumba kinaweza kupanda volti. Kwa friji si balaa kubwa. Kwa mtu mwenye miguu mitupu kwenye zege lililoloa, mkono kwenye reli ya chuma, ni balaa. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huitenga jakuzi na ethi hiyo na kuipa rodi yake ardhini, ikilindwa na RCD. Kihesabu, kwa RCD ya miliampea 30 na kikomo cha volti 50, ukinzani wa rodi unaweza kufika omu 1667. Usiridhike hapo, ardhi ikikauka namba hupanda. Mimi nikivuka omu 200 naongeza rodi nyingine. Halafu unganisha pamoja vyuma vyote vinavyofikiwa na mkono, reli, ngazi, na hata nondo za zege ukipata nafasi kabla halijamwagwa, ili vyote viwe na volti moja. Kabla ya kuamua, soma kanuni za nchi yako na uulize fundi mwenye leseni, maana mahali pengine mpangilio wa ethi si hiari yako.

Kupima, nitataja la kwangu. Nilipiga mega ya volti 500, kile kifaa cha kupimia kama ganda la waya linavuja umeme, kwenye waya nikiwa nimeshaufunga kwenye jakuzi. Kipimo kikatoka kibaya, na bodi ya elektroniki haikuwaka tena. Niliilipa mimi. Pima waya ukiwa mtupu pande zote mbili, kisha ndipo uunganishe. Na usiwashe hita kabla maji hayajajaa.

Nikimaliza kila kitu sifungashi vifaa. Najaza maji, nawasha hita, pampu zote, na feni ya mapovu, naweka mita ya kubana, ile inayokumbatia waya na kusoma ampea, kwenye laivu, nakaa saa nzima. Kisha nazima kwenye bodi, nafungua ile swichi, na kukaza kila skrubu tena.