Kwa mnaoanza kuchunguza mlo wa panya wageni msituni

Mnaoingia misitu ya mashariki mwa Madagaska kumfuatilia panya mweusi, Rattus rattus, nawatahadharisha mapema: kumkuta anakula kile kinacholiwa na mnyama wa asili hakutoshi kusema anamnyang'anya. Matunda yakiwa mengi hadi yakaozea chini, wote hushiba. Ushindani hujitokeza chakula kikiwa haba, mmoja akakonda, akapungua au akabadili mlo kwa sababu ya mwenzake. Kwa hiyo kusanyeni sampuli misimu yote, hasa ule wa njaa, ambao ndio watu huukimbia.

Angalieni pia nani yuko zamu gani. Nesomys rufus, panya wa asili, hutafuta riziki mchana, ardhini. Wale wa jenasi Eliurus, nao wa asili, wenye kishungi cha manyoya mkiani, hutoka usiku na kupanda miti, sawa na panya mweusi. Mimi ningeanza na hao. Ila Nesomys naye msimfute: mbegu iliyodondoka ikishaliwa usiku, asubuhi hana cha kuokota.

Mkipasua tumbo mtakuta uji. Panya hutafuna laini mno. Tunda bivu hupotea kabisa, huku vipande vya mabawa na miguu ya wadudu vikibaki na kung'aa chini ya hadubini. Ndiyo maana wageni wa kazi hii huandika kwamba panya anaishi kwa wadudu. Na ule utelezi wa mafuta mara nyingi ni chambo chenu wenyewe, siagi ya karanga. Hifadhini kidogo pembeni cha kulinganishia.

Manyoya hutunza habari za mlo wa wiki hadi miezi, na mnyama huachiwa hai. Nitrojeni-15, aina nzito ya nitrojeni inayopimwa kwenye manyoya, hupanda takriban 3 hadi 4 kwa elfu kila ngazi ya ulaji, hivyo mla wadudu hujitenga na mla mbegu. Kaboni-13, aina nzito ya kaboni, ndiyo yenye ujanja. Miti ya msituni husoma −27 kwa elfu hivi au chini zaidi, mahindi na miwa karibu −12, na mtu hudhani sasa atamtambua kila panya aliyetoka shambani. Bahati mbaya mpunga uko kundi moja na miti, na Madagaska ni nchi ya wali! Panya aliyenenepea mpunga anaweza kusomeka kama mkazi wa msitu. Chukueni basi mimea na wadudu wa palepale mlipotega, pamoja na punje za mashamba ya jirani.

Glovu ni lazima. Tauni iliingia kisiwani 1898 na bado ipo. Mzoga ukianza kupoa viroboto wanaoieneza huhama, kwa hiyo ufungeni haraka ndani ya mfuko. Mkojo nao unaweza kuwa na homa ya mgunda (leptospirosis).

Mkipata kibali, ondoeni panya weusi eneo moja, acheni jingine linalofanana nalo, kisha pimeni wingi, uzito na mlo wa panya wa asili kote kuwili. Endeleeni kutega kwenye mipaka, maana panya weusi wa jirani hujaza nafasi upesi.